Mifuko ya Nyumba: Habari za Uingereza, 1915 hata 1935

Habari ninayotaka kuwasimulia jioni hii ni ya nyumba za kupanga, yaani nyumba za watu wasioweza kujijengea wala kununua. Shambani mtu hukata miti yake, akaita jirani zake, mkewe akapika chakula cha wajenzi, na nyumba ikasimama kabla ya masika. Mjini sivyo. Mjini kiwanja kina mwenyewe, tofali lina bei, fundi ana ujira wake, na fedha za kuanzia kazi hukopwa kwa riba. Mtu wa mshahara mdogo hawezi kulipa kodi itakayorudisha gharama zote hizo. Je, sehemu inayobaki ailipe nani? Nchi ya Uingereza ilishindana na swali hilo kwa muda wa miaka ishirini, ikatunga sheria baada ya sheria, na kila sheria ilikuja na mfuko wake wa fedha. Mifuko ilipokuwa mingi, ilianza kugombana.

Kabla sijaendelea, nieleze maneno mawili. Nikisema kodi, nina maana ya fedha anazolipa mpangaji kwa mwenye nyumba. Nikisema ushuru wa mji, nina maana ya fedha zilizotozwa na halmashauri ya mji au ya wilaya kwa kadiri ya thamani ya kila jengo, ili kulipia maji, taa, barabara na mengineyo. Fedha za Hazina ni nyingine tena. Hizo hukusanywa na Serikali katika nchi nzima.

Habari yetu inaanza katika mji wa Glasgow, nchi ya Scotland, mwaka wa 1915. Ulikuwa mwaka wa pili wa Vita Kuu, na katika mto Clyde viwanda vya kuunda meli na vya kutengeneza silaha vilifanya kazi usiku na mchana. Watu maelfu walikuja kutafuta kazi, wala hapakuwa na nyumba za kuwatosha. Wafanyakazi wa Glasgow walikaa katika majumba marefu ya mawe yaliyogawanywa vyumba, na jamaa nyingi zilikuwa na chumba kimoja tu au viwili. Wenye nyumba walipoona watu wanagombea vyumba wakapandisha kodi. Waume wengi walikuwa vitani. Wake zao ndio waliofikiwa na wakala wa mwenye nyumba, akidai nyongeza au wahame.

Katika mtaa wa Govan alikuwako mwanamke mmoja, jina lake Mary Barbour, mke wa fundi wa kiwandani. Yeye na wenzake walifanya shauri kwamba walipe kodi ya zamani, wala wasitoe hata peni moja ya nyongeza. Tarishi wa mahakama alipokuja kumtoa mtu nyumbani, mwanamke aliyewekwa zamu alipiga kengele, na wanawake wote wa jumba wakashuka ngazini wakiwa na unga na nguo mbichi, wakamtupia tarishi yule mpaka akarudi alikotoka akiwa mweupe kama mpishi wa mikate. Habari hii huchekesha, lakini waliokuwa ngazini hawakuwa wakicheza. Aliyeshindwa siku ile alilala nje pamoja na watoto wake. Yasemekana kwamba hata mwezi wa Novemba kaya yapata 20,000 zilikuwa zimekataa nyongeza.

Tarehe 17 Novemba 1915 wapangaji kumi na wanane waliitwa mahakamani ili fedha zilizodaiwa zikatwe katika mishahara yao. Maelfu ya watu waliacha kazi viwandani wakaandamana hata mlangoni pa mahakama. Wakuu wakaingiwa na hofu, maana meli za vita zilikuwa hazijakwisha. Mashtaka yakaondolewa, na kabla ya mwaka kuisha Bunge lilitunga sheria kwamba kodi ya nyumba ndogo isizidi ile iliyokuwapo vita vilipoanza, mwezi wa Agosti 1914.

Wapangaji walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini sheria ile ilifunga mlango mmoja bila kufungua mwingine. Zamani karibu nyumba zote za kupanga zilijengwa na watu wenye mali kidogo waliotaka faida. Vita vilipokwisha, gharama za kujenga zilikuwa zimepanda mara nyingi, na kodi ilikuwa imefungwa palepale. Ni mtu gani mwenye akili angeweka mali yake katika nyumba ya kupangisha? Serikali haikuweza kuifungua kodi, maana wananchi wangefanya ghasia. Wala haikuweza kuwaacha askari waliorudi bila mahali pa kulala. Ikabaki njia moja, nayo ni kujenga kwa fedha za watu wote.

Mwezi wa Novemba 1918 Waziri Mkuu, Lloyd George, alihutubia watu katika mji wa Wolverhampton akawaahidi nchi itakayowafaa mashujaa wao. Mwaka uliofuata ahadi ile ilipewa mtu wa kuitimiza: Christopher Addison, tabibu kwa asili, aliyekuwa Waziri wa Afya wa kwanza katika nchi ile. Sheria yake ya 1919 iliamuru kila halmashauri ihesabu mahitaji ya watu wake na kuleta mpango wa kujenga. Tumaini lilikuwa kujenga nyumba 500,000 katika miaka mitatu. Wala hazikuwa vibanda. Tume iliyokaa chini ya Tudor Walters ilikuwa imeshauri kwamba nyumba zisizidi kumi na mbili katika eka moja ya mjini, na nane shambani, kila moja iwe na bustani yake, tena zipate jua.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, maana jambo la fedha za Addison ndilo mzizi wa habari yote. Halmashauri ilikopa fedha, ikajenga, ikapangisha. Kodi haikutosha kulipa deni na riba, basi kila mwaka palikuwa na upungufu. Upungufu huo ulilipwa hivi: halmashauri ilitoa mazao ya peni moja tu katika kila pauni ya ushuru wake, na yote yaliyozidi, hata yakiwa makubwa namna gani, yalitoka katika Hazina. Tuseme majengo ya mji fulani yana thamani ya pauni 240,000 kwa ushuru. Pauni moja ilikuwa na peni 240, kwa hiyo peni moja katika kila pauni huleta pauni 1,000. Mji ule ukipata upungufu wa pauni 1,000, unalipa wenyewe. Ukipata upungufu wa pauni 9,000, unalipa zile zile 1,000, na Hazina inalipa 8,000.

Mtoto akipewa chakula nyumbani kwa mjomba wake, naye anajua kwamba baba yake atalipa gharama yote inayozidi kibaba kimoja, hatauliza bei ya mchele. Na halmashauri nazo hazikuuliza. Sisemi kwamba wajumbe wake walikuwa wezi. Wengi walikuwa watu waaminifu waliotaka kuwapa watu wao nyumba nzuri upesi. Lakini fundi akidai zaidi, au mwenye tanuri la matofali akipandisha bei, hasara haikuwaangukia wao. Nyumba ambayo kabla ya vita ilijengwa kwa pauni 250 hivi, mwaka wa 1920 ilizidi pauni 900.

Tena fedha hazikwenda pamoja na mikono ya kufanya kazi. Halmashauri zote za nchi ziliamriwa kujenga wakati mmoja. Zote zilitafuta mikopo wakati mmoja, na matofali yale yale, na waashi wale wale. Waashi walikuwa wachache, kwa kuwa wengine walikufa vitani, na wengine waliacha ufundi zamani wakati kazi ilipokuwa haba. Waliobaki waliitwa pia na wenye kujenga majumba ya senema na maduka, ambao waliweza kulipa ujira mkubwa zaidi. Vyama vya mafundi havikutaka kupokea wanafunzi wengi, maana viliogopa kwamba baada ya miaka miwili mitatu Serikali itaacha kujenga na mafundi wakose chakula. Serikali iliwalaumu kwa choyo. Lakini ikaja ikafanya jambo lile lile walilokuwa wakiliogopa.

Mwaka wa 1921 biashara ilianguka, watu wa Hazina wakapiga kelele juu ya matumizi, na magazeti yakamtaja Addison kama mfuja mali. Aliondolewa katika Wizara ya Afya, na mwezi wa Julai mpango ulipopunguzwa, akajiuzulu kabisa katika Serikali. Kwa sheria yake zilijengwa nyumba 170,000 hivi katika England na Wales. Mimi nadhani alionewa. Ni kweli kwamba fedha zilimwagika, lakini aliyepewa hesabu hakupewa mamlaka juu ya bei ya tofali wala juu ya wingi wa mafundi. Tena nyumba zile ni imara. Nyingi zinakaliwa hata leo.

Baadaye alikuja Neville Chamberlain, mtu wa Birmingham, aliyejua kazi za halmashauri na kupenda hesabu zilizo wazi. Sheria yake ya 1923 iligeuza utaratibu juu chini. Hazina haikubeba tena upungufu usio na mwisho. Ilitoa pauni 6 kwa kila nyumba kila mwaka kwa miaka 20, basi. Bei ikipanda, hasara ni ya mjenzi. Tena msaada huu ulikusudiwa hasa kwa wajenzi wa biashara, na halmashauri iliruhusiwa kujenga ikiwa tu imemridhisha Waziri kwamba ni afadhali ijenge yenyewe. Kwa jambo la bei, Chamberlain alifaulu. Nyumba 438,000 hivi zilijengwa kwa sheria yake, lakini 75,000 tu kati ya hizo zilikuwa za halmashauri. Nyingine ziliuzwa, na walionunua walikuwa makarani, walimu, wenye maduka madogo na mafundi wenye mshahara mzuri. Mama wa Govan mwenye chumba kimoja hakuwa na fedha za kununua nyumba.

Hapo ndipo alipotokea John Wheatley, nami nitakaa naye kidogo. Alizaliwa Ireland mwaka wa 1869, akaletwa Scotland angali mtoto, akakulia katika kijiji cha wachimba makaa, jamaa nzima katika chumba kimoja. Naye mwenyewe aliingia shimoni kuchimba makaa akiwa mtoto. Alipokuwa mtu mzima alifanya biashara ya kupiga chapa, akaingia katika halmashauri ya Glasgow. Mwaka wa 1913, kabla ya vita, alitoa kijitabu chenye shauri la ajabu. Magari ya tramu ya Glasgow yalikuwa mali ya mji, nayo yalileta faida kila mwaka. Wheatley alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kodi ya mpangaji si bei ya tofali wala ujira wa fundi, bali ni riba ya mkopo. Basi faida ya tramu itumiwe kujengea nyumba bila riba, na mfanyakazi ataweza kupanga nyumba nzuri kwa pauni 8 kwa mwaka. Halmashauri haikukubali. Fedha za tramu, walisema, ni za tramu. Lakini tazameni jinsi alivyofikiri: aliona kwamba mji una mfuko uliojaa upande huu na watu wenye shida upande huu, na kati yao hapakuwa na kitu ila desturi ya makarani.

Mwezi wa Januari 1924 chama cha Labour kilishika Serikali kwa mara ya kwanza, na Wheatley akawa Waziri wa Afya. Serikali ile haikuishi hata mwaka mmoja, wala haikuwa na wajumbe wa kutosha Bungeni kupitisha jambo lolote kwa nguvu zake peke yake. Wheatley hakuanza na fedha. Alianza kwa kuwaita wenye kampuni za kujenga na wakubwa wa vyama vya mafundi, akawauliza wanataka nini ili wajenge nyumba. Mafundi walisema wanataka kazi ya kudumu. Akawaahidi mpango wa miaka 15 wa kujenga nyumba 2,500,000. Nao wakakubali kupokea wanafunzi zaidi. Ndipo alipokwenda Bungeni kutaka fedha.

Sheria yake ilisema hivi: Hazina itatoa pauni 9 kwa kila nyumba kila mwaka kwa miaka 40. Halmashauri, kwa kawaida, itaongeza pauni 4 na shilingi 10 katika ushuru wake. Jumla pauni 13 na shilingi 10, ambazo ni zaidi kidogo ya shilingi 5 kila juma zinazoondolewa katika mzigo wa mpangaji. Na kodi isipite kiasi kilichotozwa nyumba za namna ile kabla ya vita, ila kama upungufu utazidi ule mchango wa halmashauri. Katika sheria hii pande zote mbili zilitoa fedha, na kila upande ulijua kiasi chake tangu mwanzo. Halmashauri iliyojenga kwa ghali iliumia yenyewe.

Kwa ajili ya wasikilizaji walioko vijijini nitaongeza neno moja. Wheatley hakuwasahau wakulima. Katika wilaya za mashamba msaada wa Hazina ulikuwa pauni 12 na shilingi 10 badala ya 9, maana mshahara wa kibarua wa shamba ulikuwa mdogo kuliko wa mjini, na ushuru wa wilaya yake ulikuwa mdogo vilevile. Vibarua wengi wa Uingereza walikaa katika nyumba za bwana shamba. Siku mtu alipofukuzwa kazi alifukuzwa na nyumbani pia, kwa hiyo alinyamaza hata alipodhulumiwa. Nyumba ya halmashauri ilimpa mahali pasipohusiana na bwana wake.

Serikali ya Labour ilianguka mwezi wa Novemba 1924, na Chamberlain akarudi katika Wizara ya Afya. Watu walidhani ataifuta sheria ya mpinzani wake, hakuifuta. Kwa miaka kadha sheria zote mbili zilikwenda pamoja, mfuko wa pauni 6 na mfuko wa pauni 9. Mwaka wa 1927 yote miwili ilipunguzwa, huu ukawa pauni 4, na huu pauni 7 na shilingi 10. Wa Chamberlain ulikoma mwaka wa 1929, na wa Wheatley ulikoma katika England na Wales mwaka wa 1933, miaka sita kabla ya kutimia ile 15 waliyoahidiwa mafundi. Kwa sheria ya Wheatley nyumba zaidi ya nusu milioni zilikuwa zimejengwa.

Lakini maskini kabisa walikuwa wangali katika mitaa michafu. Hata kwa msaada wa Wheatley, kodi ya nyumba mpya iliwashinda watu wa kazi za siku moja moja, wajane, na wenye watoto wengi. Ndipo mwaka wa 1930 Arthur Greenwood, waziri mwingine wa Labour, alipoleta sheria ya kubomoa mitaa michafu, na msaada wake ulihesabiwa kwa namna mpya kabisa. Haukuhesabu nyumba, ulihesabu vichwa. Kwa kila mtu aliyehamishwa katika nyumba mbovu na kupewa mahali pengine, Hazina ilitoa pauni 2 na shilingi 5 kwa mwaka kwa miaka 40. Jamaa ya watu sita ilileta pauni 13 na shilingi 10. Mume na mke wasio na mtoto walileta pauni 4 na shilingi 10. Kwa kawaida halmashauri huona watoto wengi kuwa mzigo. Kwa sheria hii watoto walikuja na fedha zao.

Sasa mfikirie karani wa halmashauri, yapata mwaka 1933, akikaa mbele ya vitabu vyake. Ana nyumba za Addison, ambazo Hazina hulipa upungufu wake wote unaozidi ile peni moja ya ushuru. Ana nyumba chache za Chamberlain, za Wheatley za mwanzo zenye pauni 9, za Wheatley za mwisho zenye pauni 7 na nusu, na za Greenwood zinazohesabiwa kwa vichwa. Kila kundi lina kitabu chake, masharti yake na kodi yake. Katika njia moja ya mji mliweza kuona nyumba mbili zilizofanana kwa kila kitu, vyumba vilevile na bustani ileile, na mpangaji wa hii akalipa shilingi kadha zaidi ya jirani yake, kwa sababu tu nyumba yake ilianza kujengwa chini ya sheria nyingine. Nyumba ya Wheatley ikiwa na mpangaji mwenye mshahara mzuri, alipata msaada wake wote asiouhitaji; na mjane aliye katika nyumba ya Addison hakuweza kupewa hata shilingi moja kutoka mfuko wa pili. Fedha zilikuwa zimefungwa katika matofali, si katika shida za watu.

Katika mji wa Leeds alikuwako padre wa Kanisa la England, Charles Jenkinson, aliyezaliwa katika mitaa ya maskini ya London, akapewa kanisa katika mtaa wa Holbeck mwaka wa 1927. Leeds ilikuwa na nyumba zaidi ya 70,000 za namna ya kupeana migongo: safu mbili zenye ukuta mmoja kati yao, kila nyumba ina mlango na madirisha upande mmoja tu, hewa haipiti, na choo ni cha watu wengi. Jenkinson aliwazika watoto wa nyumba hizo, akachoka kuzika. Aliingia katika halmashauri, na mwaka wa 1933 chama chake kiliposhinda akapewa ukubwa wa kamati ya nyumba. Aliahidi kubomoa nyumba 30,000 katika miaka sita.

Mwaka wa 1934 alifanya jambo ambalo lilimpatia sifa na maadui pamoja. Kadiri sheria ilivyoruhusu, alikusanya misaada ya mifuko mbalimbali akaifanya mmoja. Kila nyumba iliwekewa kodi yake kamili, kana kwamba hakuna msaada. Kisha kila jamaa ilihesabiwa: mapato yao, midomo yao, na kiasi cha chakula na nguo wanachohitaji. Aliyekuwa na uwezo alilipa kodi kamili. Aliyepungukiwa alipunguziwa kutoka mfuko ule, na jamaa nyingine hazikulipa kitu.

Mtasema ni haki tupu. Lakini sikilizeni upande wa pili. Mpangaji wa zamani, fundi mwenye kazi, aliyelipa kodi yake kila juma bila kukosa, alipandishiwa kodi ghafula ili jirani yake akae bure. Hakuona kwamba msaada wa Serikali umepita mahali pake. Aliona kwamba yeye ndiye anayemlipia jirani. Tena ilikuwa miaka ya ukosefu mkubwa wa kazi, na watu walikuwa wamekwisha kuudhika na wakaguzi wa Serikali waliopita nyumbani kuuliza mshahara wa mtoto na bei ya kiti. Sasa halmashauri nayo iliuliza yale yale. Wapangaji walifanya mikutano, wakaipeleka halmashauri mahakamani. Mahakama iliamua kwamba halmashauri ilikuwa na haki. Lakini mahakama haipigi kura. Katika uchaguzi wa Novemba 1935 chama cha Jenkinson kilishindwa, na watu wengi walisema ni kwa ajili ya kodi zile.

Nami nikipima shauri lake, naona hesabu yake ilikuwa sawa, bali alikosa katika namna ya kuanza. Angeweza kuianza na wapangaji wapya waliotoka mitaa michafu, akawapandishia wa zamani kidogo kidogo. Lakini mtu aliyechoka kuzika watoto hana subira ya kidogo kidogo, nami simlaumu sana.

Mwaka huohuo wa 1935, kabla ya uchaguzi ule, Bunge lilikuwa limekwisha kutunga sheria mpya ya nyumba. Watu wengi huikumbuka kwa sababu ilikuwa ya kwanza kueleza kwa idadi ni watu wangapi wanaoruhusiwa kulala katika nyumba ya vyumba kadha wa kadha, na kuamuru hesabu ya nyumba zote zilizosongamana. Lakini ndani yake mlikuwa na sehemu isiyosomwa na mtu ila makarani. Ilisema kwamba kila halmashauri iweke hesabu moja tu kwa nyumba zote ilizojenga tangu 1919, na kwamba kodi zote, misaada yote ya Hazina na mchango wote wa ushuru viingie humo. Halmashauri ikapewa uhuru wa kugawanya msaada miongoni mwa wapangaji wake kama ionavyo haki, bila kuuliza nyumba ilijengwa kwa sheria ya nani. Lile alilolifanya Jenkinson kwa ushindani, sheria ililifungulia halmashauri zote.

Vitabu vya karani vikawa kimoja. Jina la Addison, la Chamberlain, la Wheatley na la Greenwood yakatoka katika mlango wa mpangaji. Halmashauri nyingi zilisawazisha kodi za nyumba zinazofanana. Zilizothubutu kumpunguzia kila mtu kwa kadiri ya mapato yake, kama Leeds, zilikuwa chache, maana wajumbe walikuwa wamesikia yaliyompata padre yule.

Wheatley hakuyaona hayo. Alikuwa amekufa mwaka wa 1930. Mary Barbour aliyaona. Aliingia katika halmashauri ya Glasgow mwaka wa 1920, miongoni mwa wanawake wa kwanza, akaishi hata 1958. Nyumba 30,000 za Leeds hazikuisha kubomolewa katika miaka sita, kwa kuwa vita vya 1939 vilikuja vikasimamisha kazi. Na hata leo, msafiri akipita katika mji ule, atakuta mitaa yenye nyumba za kupeana migongo, zimetengenezwa vyoo ndani na kupakwa rangi, na watu wakikaa humo kwa kodi.